Bisibisi Iliyopinda Shingo

Gari lilianza kurudi nyuma taratibu, kama mzee anayetafuta kiti kwa makalio. Hoza dereva alikuwa amekanyaga breki kwa miguu miwili, matairi yamekaza hayazunguki, lakini udongo mwekundu wa ile kona ulikuwa umelowa na unateleza kama mlenda, kwa hiyo gari zima likawa linateremka na breki zake. Nyuma yetu barabara ilikuwa imekwisha. Palikuwa na migomba, na chini ya migomba mto. Ndani ya gari alilala mama wa Gare mwenye uchungu wa kuzaa, mama mkwe wake amemshika kichwa. Nikaruka chini, nikaokota jiwe, nikalisukuma nyuma ya tairi kwa mkono wa kulia. Jiwe nalo likateleza. Sikuliachia. Tairi likapanda jiwe, likapanda na mkono, gari likasimama.

Vidole vitatu. Nilivisikia vikivunjika kabla sijasikia maumivu. Miaka yote nilikuwa nasifiwa masikio, siku ile nilitamani ningekuwa kiziwi.

Naanzia hapo makusudi. Nyie vijana mnaofungua boneti siku hizi, mkija kwangu mnanipa shikamoo huku macho yako kwenye mkono. Wengine mnauliza. Wengine hamuulizi, mnakwenda kuuliza sokoni, na sokoni mnajibiwa kwamba Yona alikuwa amelewa. Sijafika sitini, akili yangu ni nzima, na wote nitakaowataja kwa jina wako hai isipokuwa mmoja. Nimeishia darasa la nne. Ninaandika kwa mkono wa kushoto, herufi zimelala kama mahindi yaliyopigwa na upepo, lakini maneno yamesimama.

Kazi nilifundishwa na mzee Shekiondo, ndiye huyo mmoja asiyekuwapo. Yeye alijifunza kwa mzungu mwenye shamba la chai, mzungu aliyekuwa akimwita kwa filimbi. Uhuru ulipokuja yule mzungu akauza ng'ombe akaondoka, akamwachia mzee gari bovu na ile filimbi. Gari mzee alilisukuma mpaka kwake. Filimbi aliitupa chooni. "Gari lina dawa," alisema.

Siku zangu za kwanza kwake alinipa kabureta nisafishe. Humo ndani kuna jeti, kipande kidogo cha shaba chenye tundu ambalo petroli inapita. Nikaliona tundu limeziba, nikachukua waya, nikalizibua vizuri mpaka nikaona mwanga upande wa pili. Nikajisifu. Gari lilipowashwa likawa linakunywa petroli kama ng'ombe aliyetoka nyikani. Mzee hakunigombeza. Alikwenda zizini, akarudi na unywele wa mkia wa ng'ombe, akaniwekea kiganjani.

"Tundu la jeti ni kama sikio la mtoto mchanga," akasema. "Linasafishwa. Halichimbwi."

Hilo lichukueni hata kama mengine mtayaacha. Waya unapanua tundu, na tundu likishapanuka halirudi. Unywele, au upepo wa kinywa, basi.

Kosa langu la pili lilikuwa la mpira. Nilikuwa nanyonya petroli kutoka kwenye tangi, mtu akaniita, nikaitika huku mpira uko mdomoni. Nilimeza funda zima. Siku tatu nilikuwa nikibeua petroli, mke wa mzee akanikataza kusogelea mafiga. Tangu siku hiyo boha, hii pombe yetu ya miwa, ikiletwa karibu na pua yangu inanuka petroli tupu. Harusini nakunywa chai. Msibani nakunywa chai. Mnaweza kumuuliza yeyote wa Soni. Likumbukeni hilo tumbo langu, nitalirudia.

Sasa sikilizeni jambo la milimani, ambalo mtu wa tambarare halijui na hataki kulijua. Kabureta inachanganya hewa na petroli. Ikipangwa Tanga, kwenye hewa nzito ya pwani, itakwenda vizuri mpaka Mombo. Ukianza kupanda, hewa inakuwa nyepesi lakini petroli inaendelea kuja ileile. Ukifika Soni injini inakohoa. Ukifika Lushoto inatoa moshi mweusi, plagi zinalowa na kujaa masizi, gari halina nguvu ya kumpita punda. Mzee Shekiondo alinieleza kwa uji. "Ukipunguza maji na unga ukaacha uleule, mwiko unasimama wenyewe. Hutafuti mwiko mwingine, unapunguza unga."

Ndiyo maana sisi mafundi wa huku tulikuwa na desturi yetu. Gari likipanda, tunasimama Soni, tunafungua boneti, tunaifunga sindano ya jeti, ile skrubu inayobana petroli, kwa robo ya mzunguko. Robo tu. Likishuka, tunasimama palepale tunarudisha robo yake, kwa sababu usiporudisha, kufika Mombo injini inachemka na valvu zinaungua. Madereva wa Tanga walitucheka. Walisema Wasambaa hawawezi kupita maporomoko ya Soni bila kuyapa mkono. Tuliwaacha wacheke. Kisha tuliwakuta mbele, wameweka mawe nyuma ya matairi, wanapuliza plagi.

Na mzee hakugusa sindano kabla injini haijapata moto. Aliiwasha, akaiambia "Onga makeo," kama anavyosalimiwa mtu asubuhi kwa Kisambaa, akakaa chini. Nilimuuliza tunasubiri nini. "Mtu aliyeamka sasa hivi humuulizi habari za shamba." Ikishapata moto aliweka ncha ya fimbo kwenye injini na ncha ya pili sikioni, akafumba macho, akazungusha. Injini ikianza kuimba sauti moja, bila kigugumizi, alitoa mkono. Hakuongeza. Fundi mbaya anajulikana kwa kuongeza kidogo baada ya kupata.

Nimefika kwenye Landrova.

Lile gari lilikuwa la karakana ya ushirika. Kabureta yake ilikufa na nyingine haikupatikana, miaka ile hata waya wa plagi ulipatikana kwa kujuana. Mimi na mzee tukavua kabureta ya lori bovu, tukatengeneza kiungo cha bati nene, tukaifunga. Ikakubali. Shida ikawa moja. Sindano yake ya jeti ilikuwa chini ya tumbo, imeelekea kwenye injini, ndani ya tundu la kina cha kidole. Bisibisi fupi haifiki. Ndefu inagonga injini. Ilitakiwa ndefu, nyembamba, yenye shingo iliyopinda, na kiwandani hakuna aliyeitengeneza kwa sababu kiwandani hakuna aliyedhani kabureta ile itakaa mahali pale.

Nilitafuta. Nilianza na kisu cha mama cha kumenyea viazi, kikavunjika ncha na mama akavunjika moyo. Nikaja kwenye ufito wa mwavuli. Mwavuli ulikuwa wa mchungaji, aliusahau karakana, na nilikusudia kuurudisha mzima. Ufito ukapinda kama unyasi. Mchungaji alinisamehe mbele ya watu, lakini mahubiri ya Jumapili ile yalihusu mali ya jirani, na aliyahubiri akiwa amelowa. Kisha spoku ya baiskeli, nikaiponda ncha ikawa bapa. Hiyo ilifika. Ikaingia. Nikazungusha robo, nikafurahi, injini haikubadilika. Kumbe spoku inajisokota yenyewe: huku mkononi umezungusha, kule ncha imelala. Vijana, chombo kinachokosekana kinakusumbua, lakini chombo kinachodanganya kinakuua. Heri useme sina.

Mwisho nikashuka mpaka Mombo kwa mzee mmoja Mpare, mhunzi. Nilibeba kikapu cha plamu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Msambaa, umeshuka na nini? Plamu nazisikia toka kule darajani."

"Nimekuja kutafuta bisibisi."

"Duka lile pale."

"Ya dukani haina shingo. Nataka iende mbele, kisha ikate kona."

Akaacha kuvukuta. "Nyie watu mna kona barabarani, mna kona kwenye maneno, sasa na bisibisi."

Akachukua kipande cha springi ya lori, akakifua siku nzima. Ya kwanza aliipoza kwa maji, kwa makusudi, anionyeshe. Akanipa nikaijaribu kwenye skrubu iliyokaza, ikakatika kama biskuti. Ya pili aliipasha mpaka ikawa na rangi ya nyanya inayoanza kuiva, akaizamisha kwenye oili chafu ya injini, kisha akairudisha motoni kidogo, ikawa na rangi ya majani makavu.

"Chuma kina hasira," akaniambia. "Ukikipoza kwa maji hasira inabaki ndani. Kwa nje kinang'aa. Siku moja kinakukatikia."

Mpini niliuchonga mwenyewe kwa mti wa mkulo, ule unaonukia. Nikaupiga chale nne kuuzunguka, kila chale robo, ili hata gizani chini ya gari kidole kijue kimezunguka kiasi gani. Chale moja niliizamisha zaidi, ndiyo ya kuanzia. Kitakoni nikachoma herufi ya Y. Mzee Shekiondo aliishika, akaipima sikioni kama saa, akanirudishia. "Sasa una kazi," akasema. Mpaka hapo nilidhani nilikuwa nayo.

Msinielewe vibaya kuhusu zama zile. Ujamaa haukunikata vidole. Nililima shamba la kijiji, nilichimba barabara ya kijiji kwa jembe la mkono huuhuu, na niliimba, na sikuimba kwa kulazimishwa. Karakana ilipokuwa ya ushirika nilisema haya ndiyo tuliyoyataka, hakuna tena mtu wa kuita watu kwa filimbi. Vidole vyangu vina mwenyewe aliyevichukua, na mwenyewe ana jina. Anaitwa Kapinga.

Kapinga aliletwa kutoka Tanga awe meneja. Kijana nadhifu, kalamu mbili mfukoni. Wiki ya kwanza alituita mkutano.

"Ndugu mafundi," akasema, "petroli ya taifa inapotea kwa sababu kila mmoja hapa anachezea kabureta anavyotaka. Kuanzia sasa kabureta zote zitapangwa Tanga na wataalamu. Zitapakwa rangi nyekundu juu ya sindano. Atakayevunja rangi amehujumu."

Mzee Shekiondo akasimama. Alisimama taratibu, magoti yalikuwa yameanza. "Ndugu meneja, nina swali la mtu asiyesoma. Hao wataalamu wa Tanga wanaijua hewa ya Lushoto?"

"Mzee wangu, hewa ni moja. Hewa haina mkoa."

Watu wakacheka, wengine wakapiga makofi. Mzee akakaa. Akaniinamia akasema, "Huyu ataua mtu, na atamuua kwa Kiswahili kizuri."

Kisha Kapinga akaja kwenye vyombo. Vyombo vyote viingie stoo, vipakwe mstari wa kijani, vitolewe kwa ruhusa. Hakuna cha mtu. Salehe, mtunza stoo, akaanza kuvikusanya. Alipofika kwangu nikatoa spana, nikatoa koleo, ya shingo nikabaki nayo mkononi.

"Hii nilifuliwa na mhunzi, ndugu," nikasema. "Ya gari moja tu. Stoo haitaisaidia."

Kapinga akaichukua, akaigeuza. "Hiki ni nini? Bisibisi au mkia wa nyani?"

"Bisibisi."

"Nani alikufundisha kuipinda?"

"Gari."

Hapo waliokuwa wameucheka mkia wa nyani wakageuka wakamcheka yeye, na nadhani ndipo aliponiweka moyoni. Akasema, "Chombo hiki si halali, hakiwezi kupakwa kijani. Ya kiwanda itaagizwa." Akakitia kwenye droo ya meza yake. Kwa hiyo hakikuwa cha stoo na hakikuwa changu. Landrova ikapelekwa Tanga, ikarudi na doa jekundu tumboni, inatoa moshi kama tanuru la matofali. Kila nilipouliza niliambiwa ya kiwanda imeagizwa. Kiwanda gani? Kabureta ya lori, tumboni mwa Landrova, kwa kiungo cha bati nilichokikata mwenyewe.

Asubuhi ya siku yenyewe walikuja watu wawili mbio kutoka Gare. Mama ana uchungu siku ya pili, mkunga ameshindwa, ifanyike haraka afike hospitali ya Bumbuli. Gari la karibu ni lile. Hoza akawasha, moshi ukajaa uwanja mzima. Nikamwambia, "Hoza, zima, nisubiri." Nikaenda ofisini. Hoza akanifuata, akasimama mlangoni. Kapinga alikuwa anakunywa chai. Salehe alikuwa amesimama na funguo za stoo.

"Ndugu meneja, naomba ile bisibisi yangu. Nafunga robo, nafunga nyingine, nakurudishia hapa hapa mezani."

"Ipi?"

"Ya shingo. Iko kwenye droo, upande wako wa kulia."

"Ile sindano imepakwa rangi."

"Rangi haipandi mlima, ndugu. Nina mgonjwa wa kupandisha kutoka Soni mpaka Bumbuli."

Salehe akacheka kidogo, akautazama uso wa meneja, akameza kicheko.

"Yona, umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"La nne."

"Mimi nimesomea injini miaka miwili. Nenda kamchukue mgonjwa. Doa nitalikagua ukirudi."

Sikupiga kelele. Nilimgeukia Salehe. "Ndugu Salehe, umenisikia nikiomba."

"Nimekusikia, Yona," akasema.

Yashikeni hayo maneno mawili.

Gare tulifika kwa shida lakini tulifika. Mama tukamlaza nyuma juu ya magodoro, mkwewe akapanda naye. Kushuka kwenda Soni hakukuwa na neno, kushuka kila gari ni zima. Pale Soni nikazifungua plagi, nyeusi, zimelowa kama zimetolewa kwenye chungu. Nikazisugua na mchanga, nikazifuta kwa shati. Nikaikwangua ile rangi nyekundu, ndiyo, niliikwangua, andikeni, nikaingiza spoku ya baiskeli. Ilijisokota kama nilivyowaambia. Yule mama alikuwa ameacha kulia, na mkwewe alikuwa anamsemesha kwa Kisambaa bila kukoma ili asilale. Hoza akasema, "Tuondoke tu, kaka." Tukaondoka. Ilimaliza kona nne. Ya tano ikakohoa, ikatoa moshi, ikazima. Iliyobaki nimewaambia mwanzo.

Wanaume waliokuwa wakilima upande wa juu waliacha majembe wakashuka. Hakuna aliyeuliza nani ni nani. Walikata miti miwili, wakafunga blanketi, wakatengeneza machela, wakambeba yule mama mabegani kama tulivyobeba wagonjwa tangu zamani, kabla hayajaja magari na mameneja. Mimi nilitembea nyuma yao, mkono umefungwa kwenye kanga ya mama mkwe. Yule mama alijifungua Bumbuli siku ileile. Mtoto wa kike, mzima, mama mzima. Hoza alikuja kuniambia wakati daktari amekwisha kunikata, na nilimwambia arudie mara mbili.

Nilikuwa bado kitandani Hoza aliporudi na barua. Alinisomea polepole. Ilisema ajali imesababishwa na uzembe wa fundi. Fundi alikuwa amelewa. Fundi hakuomba chombo chochote kabla ya safari. Wala hakijawahi kuwapo karakana chombo cha namna hiyo anachodai. Kazi imekwisha. Sahihi ya Kapinga, na chini yake, kama shahidi, sahihi ya Salehe.

Nimelewa. Mimi, ambaye tumbo langu halijapokea boha tangu nilipomeza petroli.

Hoza alisema ofisini aliyoyaona, akatolewa kwenye magari akapewa trekta. Mzee Shekiondo alikwenda kwa miguu yake mibovu, akasimama mbele ya ile meza, akaambiwa umri wake umefika apumzike. Alipumzika. Siku za mwisho alikuwa akinishika huu mkono wa vidole viwili na kusema, "Hewa ina mkoa." Amezikwa akisema hivyo.

Mimi sikuacha kazi. Hilo ndilo linalowaudhi wale wawili. Nilifungua kibanda changu pale Soni, mabati sita na kisiki, nikajifunza upya kwa mkono wa kushoto. Mwaka mzima niliangusha skrubu kwenye majani na kuzitafuta kwa magoti. Mhunzi wangu alikuwa ameshafariki, nikafua nyingine mwenyewe, mbaya, lakini haidanganyi. Madereva walisimama. Walisimama hata wa magari ya ofisi, waliokatazwa, wakajifanya wanayatazama maporomoko huku mimi niko chini ya boneti zao. Robo kupanda, robo kushuka. Nimefunga kibanda kwa sababu magari ya siku hizi yanajipima hewa yenyewe kwa kompyuta. Nafurahi. Ina maana hata kompyuta imekubaliana na mzee Shekiondo.

Ningenyamaza na hapo. Lakini mwaka jana niliitwa njia ya Magamba, nyumba moja nzuri, mgeni wao ana Pijo ya zamani imegoma. Sikuambiwa nyumba ya nani. Nikaitengeneza, kabureta tu, unyasi umeingia. Nikaomba maji ya kunawa, nikaonyeshwa bomba lililo kando ya banda la kuku. Nanawa, macho yangu yakaenda mlangoni mwa banda. Mlango umefungwa kwa kipini kirefu kilichopitishwa kwenye pete mbili. Chuma chembamba, shingo imepinda, mpini wa mkulo. Nikausogelea. Chale nne, moja imezama. Nikainama kutazama kitako. Y.

Nyuma yangu mtu akasema, "Fundi, kuku hawaumi."

Alikuwa Kapinga. Mvi, sweta, kalamu hana. Hakunijua, au alinijua.

"Mzee," nikamwuliza, "hiki kipini mmekipata wapi?"

"Hicho? Mimi hata sijui. Kimekuwapo siku zote. Vyuma vya zamani vya ofisini hivyo, havina kazi."

"Kinafunga vizuri?"

"Vizuri sana. Kicheche ameshindwa."

Nilimwonyesha mkono wa kulia. Aliutazama, akatazama mlango wa kuku, akasema ana simu ndani. Mgeni wake ndiye aliyenisindikiza.

Sikukichukua. Nyie vijana mmeniita mjinga kwa hilo, mmesema mngekichomoa mkaondoka na kuku juu. Ningekichomoa, kesho angesema Yona mlevi amekuwa Yona mwizi, na Salehe angeshuhudia. Na mimi sitaki chuma. Nilishafua kingine. Ile barua iliandika kwamba chombo changu hakijawahi kuwapo, na bado kipo, kila jioni anakishika kwa mkono wake wenye vidole vitano anafungia kuku.

Yule Mpare alisema chuma kikipozwa kwa maji hasira inabaki ndani. Mimi nilipozwa kwa maji. Sioni haya.

Kwa hiyo nawaandikia nyie, lakini namwambia yeye, na mtu amsomee. Bwana Kapinga, chomoa hiyo bisibisi mlangoni kwa mkono wako. Kuku wako wafungie kwa kijiti. Uje nayo Soni siku ya soko, mchana, watu wakiwapo, na Salehe umpitie dukani kwake anapouza misumari, umlete, aseme tena mbele ya madereva yale maneno mawili aliyoniambia, "Nimekusikia, Yona." Hoza yuko hai, atakuja na fimbo yake. Nitaleta ile kabureta ya Landrova, niliinunua chakavu, ninayo, haina doa la rangi hata moja. Nitaiweka juu ya kisiki, na wewe uliyesomea injini miaka miwili utaingiza ile shingo kwenye tundu, na utatuonyesha sindano inafungwa upande gani gari linapopanda mlima.

Ukishatuonyesha, utaeleza kwa nini ulininyima.

Mimi niko pale kila siku ya soko, upande wa kushoto ukitokea Mombo. Nitakuwa nakunywa chai.